Tope la Kwenu na Jiko la Stoo

Mwalimu wangu Bakari,

Leo usinitanie kwanza, nina kosa la kuungama. Lile tope la kwenu Pwani, ulilolibeba kwenye basi hadi Tukuyu ukilipakata kama trei ya mayai, mimi ndiye niliyeliharibu.

Unakumbuka mvua ya juma lile? Kule Tukuyu kitu hakikauki, nikakushauri tulitandaze kwenye stoo ya maabara, kando ya jiko la mkaa, kama tunavyokausha soksi zetu. Ukanisifu: "Atupele, una akili ya mlimani!" Sikukwambia kwamba nilikuwa nimevunja kipimajoto palepale, nikaona aibu, nikafagia vipande vya glasi tu. Zebaki ikabaki kwenye ufa wa sakafu. Jiko likaipasha moto, mvuke wake ukaingia kwenye tope.

Tukalituma Dar likapimwe, na majibu yalipotoka kwamba lina sumu ya zebaki, ukawapigia ndugu zako simu waache kuokota chaza kwenye mikoko. Dada yako Bi Mwanaidi, anayeishi kwa chaza hao, akakuita mwongo. Ukazikwa hamjapatana. Jamani, hilo linaniuma!

Ule ufa niliuona baada ya arobaini yako, tulipohamisha makabati. Matone ya zebaki yalikuwa yanametameta. Nililia, kisha nikanyanyuka, maana wewe hukunifundisha kulia kutwa nzima.

Nikashuka hadi kwenu. Nikachota tope upya kwa kijiko cha plastiki, nikatia kwenye chupa mpya, nikalipeleka maabara ya Dar moja kwa moja. Mikoko ya Bi Mwanaidi haina shida. Ila pale mdomoni mwa mto, unaotoka kwa wachimba dhahabu wanaosafishia dhahabu yao kwa zebaki, sumu hiyo imo kweli. Kwa hiyo hofu yako haikuwa ndoto, Mwalimu. Ulikosea mahali tu, na aliyekukosesha ni mimi.

Niliyasema hayo mbele ya watu wa kwenu, nimesimama wima. Wapo walionifokea, na haki yao. Bi Mwanaidi akauliza, "Kumbe kaka yangu hakunidanganya?" Nikamwambia, "Hakukudanganya hata kidogo." Akajifunika uso kwa mtandio.

Pumzika sasa. Kila kiangazi nitashuka kupima tope la mdomo wa mto mpaka wachimbaji wasikie, hilo nakuahidi. Nami nimetumwa. Jana dada yako alinishika mkono hadi kaburini kwako, akashindwa kusema, akaniomba nikuandikie mimi: anaomba umsamehe.

Mwanafunzi wako,
Atupele