Kwa Nini Kibonge Hapungui

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Basi soma.

Nimetoka kwa daktari wa mifugo na mbwa wetu Kibonge. Unajua nilivyohangaika kumpunguza unene! Chakula nampimia kwa kikombe, kila asubuhi namkimbiza mpaka mimi ndiye ninayehema. Leo kapanda kwenye mzani, kaongezeka kilo mbili!! Daktari kaniangalia: "Dada, nyumbani kuna mtu anamlisha." Nikaapa hakuna. Nimeapa kabisa!

Nikarudi nimefura, nikapita mlango wa nyuma kimyakimya. Namkuta baba mezani, sahani yake ya mchana iko sakafuni, Kibonge anailamba.

"Baba! Kumbe ni wewe!"

Wala hakukana. Akasema taratibu, "Mwanangu, hakishuki. Tangu mama yako atutoke, chakula hakishuki. Nikikirudisha jikoni utalia."

Hakishuki, anasema. Sahani zote zile zilizokuwa zikirudi tupu, nami nikimsifu anakula vizuri! Shati linamning'inia kama limetundikwa ukutani, na mimi macho yote kwa mbwa.

Nikamfungia Kibonge nje, nikapakua sahani moja, tukala pamoja. Amekula kidogo sana, lakini amemeza, nimemwona. Kesho nampeleka hospitali, atake asitake.

Wewe njoo jioni. Usimpe pole, usimuulize kitu. Vuta kiti tu, ule naye.