Kwa Mama Kanda, Aliyewapenda Waitikiaji

Mwaka umezunguka, mke wangu, Mama Kanda, tangu ututoke, na nyumba bado haijazoea.

Wateja wa saluni yako ndio waliokupa jina hilo, kwa sababu hukusuka kichwa cha mtu bila kanda kulia pembeni. Na kwenye kanda zako walikuwa waimbaji wanawake weusi tu: wenye sauti nzito, wenye sauti za mikwaruzo, wanene, wembamba, wenye vilemba na walionyoa vipara. Picha zao ulizibandika kuzunguka kioo, ili mteja akijitazama ajione yuko katikati ya watu wake.

Mteja mmoja aliicheka picha: "Huyu anaimba kweli, ila ni mweusi mno!" Ulizima redio. "Basi leo tusukane kimyakimya," ukamwambia, "maana hiyo sauti imetoka kwenye hiyo ngozi." Hukufika msuko wa pili, akaomba radhi.

Lakini uliowapenda kuliko wote ni waitikiaji, wale waimbaji wa nyuma ambao hakuna anayewatangaza. Ulikodolea macho majalada ya kanda kutafuta majina yao. Ukiyakosa, unanuna siku nzima. Mwimbaji mkubwa alipokuja mjini kwetu, watu walimkimbilia yeye. Wewe na dada yako mkazungukia mlango wa nyuma. Ukamshika mkono mwitikiaji mmoja, mama wa makamo aliyebeba viatu vyake mkononi, ukamwambia, "Mimi nimekuja kukusikiliza wewe." Yule mama aliangua kilio, akakukumbatia. Ulirudi nyumbani unacheka peke yako, hata chakula hukukitaka.

Kisha kiharusi kikakunyang'anya maneno. Ulijua ni mimi, lakini jina langu halikutoka. Binti yetu akaweka kanda. Mwimbaji akaita, na wewe, mke wangu, ukaitikia. Neno kwa neno! Tulitazamana, machozi yakatushinda. Tangu hapo hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu. Nilikuwekea wimbo, ukaimba, na kwa ulivyouimba nikajua kama umechoka, kama una maumivu, kama umenikasirikia.

Ulituacha asubuhi, kanda ikiwa katikati ya wimbo. Sikuizima.

Sasa redio ya jirani ikipiga wimbo wa mmoja wa wale dada zako wa kwenye kanda, nasimama dirishani hadi mwisho. Hakuna wa kuniambia anayeitikia pale nyuma ni nani. Nakula jikoni, nimesimama, sahani mkononi. Watu wananiambia nitazoea. Nasema ndiyo, ili waondoke.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, binti yako na mkwe wako, dada yako, wifi zako, na wasusi wote uliowafundisha kazi. Haijapita siku hatujakutaja, wala haitapita.

Bado nalala upande wangu wa kitanda.