Ekseli Moja kwa Magurudumu Mawili

Zahanati ya Kishanda,
9 Februari 1976

Kwako Tata,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na zile dawa nilizokupa Krismasi unazimeza wewe, humgawii Mzee Muharami wa gereji nusu. Huku hatujambo. Migomba imepata mvua. Kaka Aroni na mkewe Benadetha wanakusalimu sana, na mjukuu wako Felicitas anamwambia kila apitaye kibanjani kwamba babu yake anatengeneza magari yote ya Bukoba.

Tata, gari la zahanati limeharibika. Dereva wetu Buberwa alikuwa anashuka mlima na mgonjwa nyuma, gurudumu la mbele la kushoto likalala chini ya gari kama mguu ulioteguka. Mgonjwa alikuwa mama mwenye uchungu. Ilibidi tumtoe tumweke kwenye engozi, ile machela ya kubebea wagonjwa, wanaume wanane wakapokezana mabegani hadi Muleba. Mwendo wa saa nne na nusu. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Sasa nisikilize kwa jambo la nyumbani. Benadetha ana mimba ya miezi minne. Unakumbuka Felicitas alitolewa kwa upasuaji, na daktari akanivuta kando akaniambia, "Huyu wifi yako asije akajaribu kuzalia kijijini tena. Kovu likifunguka, hutakuwa na la kufanya." Atajifungua karibu na mwisho wa Julai. Nimeona nikuandikie mapema.

Je, gari hili linatengenezeka?

Binti yako,
Joviana

*

Bukoba,
21 Februari 1976

Mwanangu Joviana,

Marahaba. Kifua bado kinakoroma asubuhi lakini kazi nafanya. Muharami anakusalimu, anasema dawa zako ni chungu kuliko za duka la Mhindi.

Gari nalijua vizuri. Walioliunda walitaka kila gurudumu lining'inie peke yake, kwa mkono wake, na ndani ya mkono mna rabari badala ya springi. Kwenye lami ni raha. Kwa mawe ya Kishanda rabari imekwisha, na kiwanda kilishaacha kuunda magari hayo. Nimeuliza hapa, nimeuliza Mwanza. Hakuna.

Lakini usikate tamaa. Mimi ningeng'oa mbele yote. Niweke ekseli nzima ya Landrova, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu yake springi za mabapa. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linajua. Hakuna kuteguka tena. Naijua Landrova bovu iliyolala kwenye yadi ya ofisi moja hapo Muleba tangu mwaka juzi. Nyuma imeungua, mbele nzima. Nenda kaombe ekseli na springi zake. Waambie ni kwa ajili ya akina mama.

Benadetha asibebe ndoo.

Tata yako,
Ildefons

*

Zahanati ya Kishanda,
2 Mei 1976

Kwako Tata,

Shikamoo. Usione kimya ukadhani nimekaa tu. Afya zetu nzuri, isipokuwa miguu yangu. Nimekwenda Muleba mara sita.

Mara ya kwanza waliniambia nilete barua ya kijiji. Nikaleta. Mara ya pili barua haikuwa na muhuri. Mara ya tatu muhuri upo, mwenye kusaini yuko semina. Mara ya nne karani aliniuliza, "Wewe nesi, unataka ekseli ya nini? Unataka kuoa?" Wakacheka wote. Nikacheka nao, Tata, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mara ya tano wakasema Landrova ile ni mali ya taifa, haiwezi kukatwa vipande mpaka kamati ikae. Kamati imekaa wiki iliyopita.

Mara ya sita tumepewa! Vijana wa kijiji wameifungua ekseli wakaibeba kwa mti, na gari letu tumelivuta mpaka barabara kuu. Lori la kahawa litakuletea vyote viwili keshokutwa. Buberwa atapanda nalo.

Benadetha ana miezi sita na nusu. Miguu inaanza kuvimba. Tumepatana kwamba tarehe kumi na tano Julai nitampeleka Muleba mwenyewe akalale karibu na hospitali asubiri huko. Aroni anasema kahawa itaharibika juani bila mtu wa kuianua. Nimemwambia iharibike.

Fanya haraka, waitu, tafadhali.

Binti yako,
Joviana

*

Bukoba,
29 Mei 1976

Mwanangu Joviana,

Naanza na pole ya safari sita. Huyo karani nikimkuta nitamwambia neno. Mimi mzima, macho tu yanachoka na cheche.

Ekseli imefika, ni nzuri, hata kutu hakuna ya maana. Nimechomelea vishikio, springi zimekaa, gari limesimama kwa miguu yake. Muharami alikuja akalitikisa akasema, "Ildefons, hili sasa ni trekta." Lakini kuna tatizo ambalo sikuliona toka mbali, na kosa ni langu.

Difu, lile tumbo la ekseli linalopokea nguvu kutoka kwenye injini, katika Landrova liko kulia. Katika gari letu nguvu inatokea kushoto. Havikutani. Nikiigeuza ekseli juu chini, magurudumu ya mbele yatarudi nyuma wakati ya nyuma yanakwenda mbele.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, niliache hivi lilivyo: magurudumu ya mbele yabebe uzito tu, yasivute. Litavutwa na nyuma peke yake. Naweza kukuletea kwa wiki moja. Ya pili, niikate ekseli, mkono mrefu niuhamishie upande mfupi, na mfupi upande mrefu, difu iende kushoto. Halafu niichomelee upya. Hapo litapanda mlima wowote kwa magurudumu yote manne, masika na kiangazi, miaka kumi. Ila nimebakiwa na gesi kidogo isiyotosha kazi hiyo. Muharami ameahidiwa mtungi kwa meli ya Mwanza katikati ya Juni, na mtungi huo tunagawana gereji tatu, kwa hiyo lazima utukute tumekwisha kata na kusawazisha. Usipofika, ekseli italala vipande viwili.

Wewe unaujua mlima na unamjua Benadetha. Chagua. Nikikosa neno lako hadi tarehe kumi Juni, nitajua umesema nikate.

Tata yako,
Ildefons

*

Zahanati ya Kishanda,
4 Juni 1976

Kwako Tata,

Shikamoo. Wote wazima. Naandika kwa kifupi.

Lete gari lilivyo. Sasa ni kiangazi, mlima umekauka, Buberwa anasema kwa nyuma peke yake atapanda akipewa watu wawili wa kusukuma kwenye kona ya mawe. Ya kukata utafanya baadaye, Benadetha akishajifungua. Usikate.

Binti yako,
Joviana

*

Bukoba,
16 Juni 1976

Mwanangu,

Habari za siku. Mimi sijambo.

Barua yako ya tarehe nne imenifikia jana, tarehe kumi na tano. Shaban wa basi ndiye aliyenikabidhi. Nilikata tarehe kumi na moja.

Nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi juu ya tairi. Vipande viko hapa mbele yangu, nimevisawazisha kwa tupa mpaka vimekutana kama midomo, lakini meli ya jana imekuja bila mtungi. Wanasema ya wiki ijayo. Siwezi kurudi nyuma na siwezi kwenda mbele.

Labda basi lilikosa dizeli, siku hizi linakosa mara kwa mara. Hakuna wa kulaumiwa. Tarehe kumi na tano Julai bado ni mbali, tutawahi. Mpe Benadetha hiki kitenge.

Tata yako,
Ildefons

*

Bukoba,
5 Julai 1976

Joviana mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi leo mzima kuliko mwaka mzima!

Gesi ilifika tarehe mbili. Nimechomelea jana tangu asubuhi, Muharami amenishikia ekseli kwa mikono yake, mzee wa watu, mpaka vinyweleo vya mkono vikaungua. Leo tumefunga propela, kile chuma kinachopeleka nguvu kwenye difu. Tumelipeleka kwenye mchanga wa ziwani, nikaingiza gia ya magurudumu ya mbele, likavuta kwa miguu yote minne. Stelingi nzito kidogo, Buberwa atazoea. Muharami alipiga makofi kama yuko harusini.

Mwambie Benadetha atulie, nakuja na gari Jumamosi. Nitamwendesha mwenyewe hadi Muleba, polepole, nimemwekea godoro.

Tata yako,
Ildefons

*

SIMU
Kutoka Muleba, 6 Julai 1976
ILDEFONS GEREJI YA MUHARAMI BUKOBA
BENADETHA AMEFARIKI NA MTOTO MAZISHI KESHO NJOO
JOVIANA

*

Zahanati ya Kishanda,
19 Septemba 1976

Kwako Tata,

Shikamoo. Sijui kama barua hii utaijibu, kwa kuwa tatu zilizotangulia hukuzijibu. Natumaini kifua hakijarudi. Muharami amenitumia salamu kwa Shaban, anasema unakwenda kazini, unafanya kazi, unarudi, husemi.

Ulikuja mazishini na gari lile. Watu waliposikia likipanda mlima bila kukata pumzi walisimama kuliangalia, na wewe ukashuka ukaliacha katikati ya njia na mlango wazi. Siku nne za msiba ulikaa na wanaume. Hukuniuliza ilikuwaje. Basi nikuambie sasa, kwani wewe ni baba mkwe wake, unastahili kujua.

Uchungu ulikuja tarehe tano alfajiri, wiki tatu kabla. Nilimpima, nikajua hatuna muda. Engozi ikaja, wanaume wakaja, Aroni akabeba mbele hakutaka kupokezana. Tulipofika kona ya mawe alipiga ukelele mmoja, kisha uchungu ukasimama ghafla. Watu wakafurahi. Mmoja akasema, "Afadhali, amepumzika." Mimi nilijua maana yake. Kovu lilikuwa limefunguka. Aliniuliza, "Jovi, mbona mtoto ametulia?" Nikamwambia amelala. Nilikuwa na mkoba wa zahanati begani, na ndani yake hakuna kitu hata kimoja cha kumsaidia. Nilimshika mkono tu, kama nilivyomshika yule wa Februari. Alipokata roho tulikuwa tumebakiza nusu ya njia.

Gari sasa linafanya kazi. Tangu Julai limepeleka akina mama saba Muleba, wote wamerudi na watoto wao. Buberwa analisifu. Mimi nikilisikia linawaka naingia chumba cha dawa nafunga mlango.

Tata, Muharami anasema neno pekee ulilomwambia ni, "Niliua kwa msumeno." Ndiyo maana naandika. Si wewe.

Basi halikukosa dizeli. Barua ile niliiandika tarehe nne kweli, lakini sikuituma. Niliiweka ndani ya rejista ya kliniki. Kesho yake niliandika nyingine ya kukuambia ukate, maana niliwaza Buberwa akiteleza mlimani na mgonjwa ndani, watu watasema nesi ndiye aliyetaka gari bovu liletwe. Hiyo nayo sikuituma. Nilikaa na zote mbili. Kila asubuhi nilisema leo nitaamua, kisha wagonjwa wanaingia, nashukuru Mungu kwamba wameingia. Tarehe kumi ilipopita nilihisi nafuu, nikasema basi, Tata ameamua. Usiku wa tarehe kumi na nne Benadetha alikuja kupima presha, ikawa juu. Ndipo nilipokimbia Muleba asubuhi na kumpa Shaban barua, huku nikijua tarehe imepita.

Uliponiandikia habari ya dizeli nilinyamaza. Nimenyamaza mazishini pia. Aroni anaamini ni gesi tu iliyochelewa. Ananisalimia vizuri. Ananiletea ndizi.

Nihukumu wewe, Tata, mimi nimeshindwa.

Binti yako,
Joviana

*

Bukoba,
26 Septemba 1976

Mwanangu Joviana,

Marahaba, na pole. Kifua kinanisumbua lakini si cha kufa.

Nilijua. Shaban aliponipa ile barua Juni aliniambia, "Binti yako amenipa leo asubuhi stendi ya Muleba, anahema, macho mekundu." Habari ya dizeli niliitunga mimi, ili usilazimike kujieleza. Sikujibu barua zako kwa sababu kila nilipoanza niliona nitakuandikia uongo mwingine.

Sasa na mimi nisikilize. Shaban hupita Muleba kila siku. Ningeweza kumwambia tarehe saba, tarehe nane, "Mtafute binti yangu, muulize." Sikumwambia. Niliitaka kazi ile ya kukata, Joviana. Miaka thelathini nafunga vyuma vya watu wengine kama walivyoviunda, nikaona hapa kuna kitu ambacho hakuna fundi wa Bukoba aliyewahi kukifanya. Jioni ya tarehe kumi, nilipoona basi limeingia bila barua yako, nilifurahi. Asubuhi yake nilikuwa gereji kabla Muharami hajafungua. Hilo sijamwambia yeyote, hata yeye.

Kukuhukumu siwezi. Ningeweza kukuambia tusahau, lakini Aroni ni mwanangu kama wewe, naye anakuletea ndizi bila kujua.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la Shaban. Nisubiri Muleba. Usije na gari, tutapanda kwa miguu, hata kwa kifua hiki. Tutaingia kibanjani wote wawili, nitaanza mimi kusema, wewe utamalizia. Sijui atatufanya nini. Nimewaza wiki nzima na sijui.

Felicitas umpeleke kwa jirani siku hiyo.

Tata yako,
Ildefons