Tulikwenda Zimbabwe na Majembe Yetu

Mhunze, Kishapu,
8 Septemba 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Bujiku,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri na mguu wako umepungua kuvimba. Mama Mdogo Sikujua hajambo? Na ng'ombe je, malisho ya huko Liwale bado yanatosha, au mmeshaanza kuwahamisha tena? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini anakula na anagomba kama kawaida yake, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Pamba mwaka huu imetuangusha. Mvua ilikatika mapema, tukavuna kidogo cha kutia huruma. Mwanangu Davis anafanya mtihani wa darasa la saba wiki hii. Mwombee, maana kichwa anacho ila utulivu hana.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningefoka, nawe hukunilea nikufokee. Najua kaka yangu Masalu amekwisha kukupigia. Amekuambia kwamba niligoma kucheza mbele ya wageni nikakiaibisha kikundi ulichokianzisha wewe. Ni kweli niligoma. Ila hajakuambia nilikataa kucheza nini.

Mwaliko uliletwa na Edson, yule kijana wa Shinyanga mjini anayetembeza watalii. Alisema kuna hoteli ya kitalii nchini Zimbabwe, karibu na magofu ya Zimbabwe Kuu, wanafanya tamasha la utamaduni na wanataka bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Tungecheza jioni kadhaa, kisha tungepewa siku nzima ya kuona magofu, na jioni moja ya kukaa na wacheza ngoma wa pale, watuoneshe zao tuwaoneshe zetu. Hakuna aliyefurahi kumshinda Masalu. Unajua alivyo na ufundi wake wa kujenga. Njia nzima, toka Tabora hadi Chunya hadi Mbeya, alizungumzia kuta zile zilizopangwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji.

Tulipovuka Tunduma, afisa wa forodha upande wa Zambia alifungua mzigo akakuta majembe.

"Haya ya kuuza?" akauliza.

"Ya kucheza," Masalu akamjibu.

"Watu wanacheza na majembe?"

Masalu hakubishana naye. Alichukua jembe moja, akalirusha juu, likazunguka, akalidaka kwa mpini huku mguu unapiga chini vilevile ulivyotufundisha. Madereva wa malori wakapiga miluzi. Afisa akacheka, akatuambia tufunge mzigo twende. Baba Mdogo, siku ile nilijivunia kuzaliwa naye tumbo moja.

Tukafika hotelini tumechoka, miguu imevimba. Getini kulikuwa na bango kubwa. Kiingereza changu ni cha shule tu, lakini bango lile nililielewa. Lilisema wapiganaji wa Kimaasai kutoka Tanzania watacheza hapo. Nikadhani kuna kikundi kingine. Nikamwuliza Edson wako wapi hao Wamaasai. Akacheka, akafungua nyuma ya gari, akatoa mfuko uliojaa shuka nyekundu na shanga za dukani. Zilikuwa humo tangu Shinyanga! Tulikuwa tumezikalia safari nzima.

"Mgeni hamjui Msukuma," akasema. "Anamjua Mmaasai. Mtaruka kidogo, mtapiga kelele kidogo, basi."

Nikamwambia sisi hatuijui ngoma ya Wamaasai, na Wamaasai wenyewe wakituona watatucheka. Akasema hapa hakuna Mmaasai wa kukucheka. Nikamgeukia Masalu, nikijua yeye ndiye atakayesema neno la mwisho. Akaangalia chini.

"Mbuke, tumeshafika," akasema. "Turuke turuke, tumalize, tukaone magofu."

Akavaa. Wengine walipomwona amevaa, nao wakavaa. Mimi nikabaki nimesimama na kaniki yangu na jembe mkononi kama mtu aliyekosea shamba.

Nilikataa kuvaa, kwa hiyo siku zile niliishi jikoni, nikisaidia kazi. Mpishi wa pale anaitwa Mai Tafara, yaani Mama Tafara, maana nao humwita mama kwa jina la mtoto. Aliponisalimu alichuchumaa akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa. Nami nikapiga goti kama ninavyokusalimu wewe. Akafurahi sana. Ugali wao ni ugali wetu, jina tu ndilo lingine. Maji anaita mvura, nikamwambia kwetu mbula ni ile inayotoka mbinguni, na mwaka huu imetukataa. Tukacheka. Huo ndio utamaduni niliouona, Baba Mdogo, na niliupata kwa kumenya viazi. Wacheza ngoma wa pale walipishana tu na wenzetu mlangoni, hawa wakitoka, hawa wakiingia.

Jioni moja tulikuwa tunawatazama dirishani.

"Wale ni wa kabila lako?" Mai Tafara akaniuliza.

"Yule mrefu ni kaka yangu."

"Kumbe nawe ni Mmaasai?"

"Hapana."

Akaacha kukoroga. "Na yeye?"

Nikachukua kiazi kingine nikaendelea kumenya.

Siku ya magofu ilipofika, Edson akaja asubuhi na kusema kuna basi la wageni limeongezeka, kwa hiyo wacheze mchana pia, magofu watayaona safari nyingine. Safari nyingine ipi? Masalu alikaa kitandani akaanza kujifunga zile shanga.

Mimi nilikwenda. Mai Tafara alikuwa na mapumziko mchana ule, akanipeleka kwa miguu. Baba Mdogo, sijui nikueleze vipi. Ukuta umesimama mrefu kuliko nyumba yoyote ya Mhunze, jiwe juu ya jiwe, na katikati ya kuta mbili kuna njia nyembamba, mabega yanagusa huku na huku. Kijana wa kutuongoza alisema dhahabu ya nchi ile ilikuwa ikifika hadi Kilwa, huko karibu nawe. Nikawaza, sisi wa Shinyanga nasi tunachimba dhahabu, tutaacha nini zaidi ya mashimo. Lakini sikuweza kufurahi. Kila nilipogusa jiwe nilikasirika upya, maana aliyestahili kuligusa alikuwa anarukaruka kwenye bustani ya hoteli.

Nilipiga picha nyingi kwa simu. Njiani kurudi Masalu aliniomba, akazitazama moja moja, akizikuza kwa vidole.

"Hakuna kona," akasema mwishowe. "Ukuta wote hauna kona."

"Ungeuona," nikamwambia.

Akanirudishia simu, akafumba macho.

Ningekuwa nimeyaacha yapite. Lakini sasa Edson amepata mwaliko mwingine wa Desemba, na ni Mwanza. Mwanza, Baba Mdogo! Wasukuma wavae shuka nyekundu wakaruke Mwanza, kwa Wasukuma wenzao! Na Masalu hajakataa. Anasema watoto wanahitaji kula, na mimi naringa. Watoto wangu nao wanakula, na mume sina wa kunisaidia.

Majembe na ngoma kubwa viko ndani kwangu. Anasema nimeiba. Sikuiba. Nimewaambia anayetaka kucheza bugobogobo aje Jumamosi uwanjani, tutacheza. Mpaka sasa wamekubali wawili tu: Vumilia binti wa mjomba, na mzee mmoja asiyesikia vizuri.

Sitaki Edson akupigie kukubembeleza, na sikuombi umkaripie kaka yangu. Naomba jambo moja tu. Mpigie Masalu, umwulize ngoma aliyoicheza kule inaitwaje. Kisha unyamaze, umwache ajibu.

Msalimie Mama Mdogo Sikujua na mwanao Sostenes na mkewe. Mama anakusalimu, anasema asali uliyoahidi haijafika. Mungu akulindie mguu na mifugo, akupe usingizi mwema kuliko wangu wa siku hizi.

Ni mimi mwanao ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Mbuke, Mama Davis