Mko Wangapi Nyumbani?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepunguza makali tangu wakuhamishie kazi yako ya uuguzi wodi ya wazee. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na cherehani inaendelea kunipigia kelele kama kawaida yake.

Uliniagiza nizungukie makampuni ya intaneti, nilinganishe kasi, bei na kikomo cha matumizi, kisha nikuandikie kwa utulivu ili ulipie inayofaa, maana umechoshwa na simu zetu za Jumapili kukatika kila unapoomba kuwasalimia wifi yako na watoto. Nimezunguka, tena kwa koti langu la harusi, wasije wakaniona mshamba. Kusema kweli nilifurahi kupata pa kwenda. Siku hizi naweza kumaliza juma zima nikiongea na wateja tu, na maongezi yenyewe ni ya upana wa kiuno.

Kampuni ya kwanza wanatoa megabiti kumi. Bei yao, nikiipima kwa kazi yangu, ni suruali tatu kwa mwezi. Tangazo ukutani linasema bila kikomo. Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya chini, kumbe ukishavuka kiwango fulani wanakupunguzia kasi mpaka mwezi uishe. Nilimwuliza dada wa mapokezi ni bila kikomo gani hiyo yenye kikomo. Akacheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kusoma mpaka chini. Kisha akaniuliza tuko wangapi nyumbani, ili ajue kasi itakayotutosha. Nikamwambia watano.

Ya pili hawana waya. Wanakupa kisanduku chenye laini, unachomeka kwenye umeme, basi. Bei ni suruali mbili, ila kifurushi ni gigabaiti sitini, zikiisha zimeisha hata kama ni tarehe kumi. Bwana wa pale alikuwa na haraka, hata kiti hakunikaribisha. Naye aliuliza tuko wangapi. Nikasema watano, na safari hii nikamtajia hata umri wa watoto bila kuulizwa. Aliandika yote, akapiga hesabu, akasema kwa familia kama yangu hazifiki nusu ya mwezi.

Ya tatu ndiyo bora, kwenye karatasi. Waya mpaka sebuleni, megabiti thelathini, na kikomo kweli hakuna, nimesoma mpaka nukta ya mwisho. Bei ni suruali tano na mkataba ni wa miaka miwili. Hao humtuma fundi nyumbani kwanza. Alikuja juzi mchana, mtu wa rika langu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaingia vyumbani kutazama waya utapita wapi. Chumba cha watoto alikuta vitambaa vya wateja vimepangwa juu ya vitanda vyote vitatu. Akaomba simu yangu, akapima mtandao ninaoutumia sasa, akapima tena akiwa jikoni. Kisha akaniambia, "Mzee mwenzangu, mtandao huu hauna tatizo. Simu ya video inapita hapa bila kukwama. Nani amekuambia unakatika?"

Nikachukua simu yangu, nikamtangulia mlangoni. Mwenye kudai jibu ni wewe, dada, na kwa mdomo nisingeweza, ndiyo maana nashukuru uliniambia niandike.

Mtandao haujawahi kukatika. Nilikuwa nakata mimi. Kila ulipoomba kumwona wifi yako niliacha mdomo wazi, nikakaza macho nisipepese, ili uone nimeganda. Nahesabu mpaka kumi, halafu nabonyeza kitufe. Nilijizoeza mbele ya kioo. Siku moja ulicheka ukasema nimeganda kama samaki wa friji, na nilikusikia vizuri kabisa.

Wifi yako aliondoka miezi minane iliyopita. Alichukua watoto akaenda kwao. Hatukupigana, wala hakuna mtu wa tatu. Alisema amechoka kuishi na mtu anayeongea na cherehani tu. Wakati anasema hivyo nilikuwa nashona, dada, na sikusimamisha mguu. Nilidhani atazungumza, atatulia, kama siku nyingine. Nilipomaliza ule mshono nyumba ilikuwa kimya.

Nina aibu. Wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka, na ninajua ukiiona nyumba hii utalia. Jumapili ndiyo siku pekee ninayosikia mtu akicheka na mimi. Niliogopa kuipoteza na hiyo.

Basi usilipie kifurushi chochote. Yule fundi nilimwambia ukweli akiwa anavaa viatu, kwamba niko mmoja, akasema mtandao wa simu unanitosha na kubaki. Jumapili wewe piga tu. Nitakupitisha chumba kwa chumba, na ukitaka kunigombeza nigombeze, sitakata.

Huwa namaliza ujumbe wangu kwa kusema wifi yako na watoto wanakusalimu sana. Salamu hizo zote, za miezi minane, nilizitunga mimi. Za leo ni zangu peke yangu. Zipokee hivyo hivyo zilivyo chache.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano