Uyoga wa Yusto na Jumapili ya Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naandika nikiwa na furaha mpaka najionea aibu, na bado naomba unisaidie. Nimeolewa juzi tu na Yusto, tunaishi Bweri, na kila asubuhi nikimwona anakunywa chai kwenye kikombe tulichozawadiwa harusini naona kama bado naota, ni mpole, ananifulia hata vitenge vyangu, kasoro yake ni uyoga. Tangu mvua zianze amejiunga na kundi la mtandaoni la wapenda uyoga, akiuona popote anakata shina kwa kisu, anaupiga picha kwa juu, anatuma, watu wa nchi za mbali wanamjibu, naye anakuja mbio jikoni, "Mke wangu, wamesema huu ni chakula!" Wiki iliyopita alileta mweupe, nikamuuliza una uhakika, akacheka, akanionyesha simu, "Si unaona madole gumba yote haya?" Nikaula. Nilimtazama usoni nikajiambia, kama ni kufa tufe wote, maana bila yeye ningeishije? Hatukuumwa. Sasa Jumapili mama yake anakuja kutoka Suguti kula chakula changu cha kwanza kama mkwe, na Yusto anataka nimpikie uyoga ulioota nyuma ya nyumba. Nikikataa ataona simwamini. Nifanyeje?

Nyangi, Musoma

Marahaba, Nyangi, na hongera. Ila nilipofika hapo pa "tufe wote" niliweka kalamu chini. Wewe uliapa kuwa naye mpaka kifo. Mama mkwe wako hakuapa. Yeye anakuja kula tu.

Kundi lenyewe si baya, Yusto ajifunze humo. Anakosea namna ya kuuliza. Uyoga unaoua mara nyingi hujulikana kwa kifuko cha kitakoni, na hicho yeye anakiacha ardhini. Anatuma kofia, anataka watu wamtambue mwenye kofia! Aung'oe mzima, aupige picha juu, chini na kitakoni, aseme umeota wapi. Na wakimjibu, jibu hilo ni la kusoma, si la sufuria. Kuna sumu isiyotoka kwa kuchemsha, na tumbo linaweza kuanza kuuma kesho yake, ini limeshaanza kuharibika.

Kumkatalia uyoga si kumkatalia mapenzi, binti yangu. Mwambie leo, mkiwa wawili, usingoje Jumapili: "Yusto, nataka nizeeke na wewe." Kisha kanunue samaki, sato mzuri, umpikie mama. Akishashiba, Yusto amwonyeshe uyoga wake kwenye simu. Kwenye simu tu, Nyangi.