Karafuu Zilizoungua

Ijumaa. Maghrib imeshapita, na joto bado ni lile la kunata, ukitoka garini kuingia ndani mgongo ushalowa. Nimo chumbani kwangu ghorofani, nimeurudisha mlango. Kiyoyozi kinanguruma lakini sauti za chini nazisikia.

Shuleni nasoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Hapa naandika Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu wenzangu wa darasani hawakijui, na nyumbani hakuna anayesoma blogu.

Basi niseme.

Tangu siku za baridi nimekuwa nikienda mtaa wa Qurum kwa mwalimu wa Kijapani anayefundisha kutengeneza vito vya fedha kwa ufundi wa kwao. Unaitwa shippo. Unakunja waya wa fedha mwembamba kama unywele, unausimamisha juu ya kibati cha fedha mpaka unakuwa kuta za vyumba vidogo vidogo. Kila chumba unakijaza unga wa kioo wa rangi uliolowa maji, kwa ncha ya brashi, halafu unachoma kwenye tanuri. Kioo kinayeyuka na kunywea. Unajaza tena, unachoma tena. Mwisho unasugua kwa jiwe ndani ya maji mpaka uso unakuwa laini kama shavu la mtoto. Naipenda kazi hii kwa sababu hakuna anayenitaka niseme kitu. Mwalimu mwenyewe si msemaji.

Nilimtengenezea Bibi kidani. Kishada cha karafuu, maana amezaliwa Pemba kabla ya kuvuka bahari kuja huku, na mpaka leo anatia karafuu hata pasipohitajika. Vikonyo vya kijani, vichwa vyekundu.

Nyekundu ndiyo iliyoniponza. Mwalimu alinionya kwamba ukiiweka juu ya fedha tupu inaungua, lazima kwanza utie tabaka la kioo kisicho na rangi. Mimi nilikuwa na haraka, Bibi alikaribia kurudi kutoka Umra. Nikaliruka tabaka. Kilipotoka kwenye tanuri, vichwa vyote vilikuwa vya hudhurungi. Mwalimu alikitazama, akaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikatikisa kichwa. Karafuu ikikauka si inakuwa rangi hiyohiyo, nikajiambia.

Bibi huniita Bubu. Ana wajukuu wengi, ila aliyepewa jina la pili ni mimi peke yangu. Mama husema hana ubaya, ndio utani wake. Nilitaka mara moja tu, mbele ya watu, aseme: hii kaifanya Zuwena.

Leo baada ya sala ya Ijumaa shoga zake walijaa sebuleni kumpa mkono wa Umra. Nilimwekea kisanduku mkononi, nikarudi kusimama mlangoni. Kwetu zawadi hufunguliwa papo hapo, na kikiwa kito hupita mkono kwa mkono, kila mmoja akakipima kiganjani kabla hata ya kukitazama. Bangili za dhahabu ziligongana huku kidani changu kikizunguka. Kilipomrudia Bibi, alikisogeza mbali na macho.

"Bubu, mama, nnaona vibaya mie, au umenichorea mende?"

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na halwa. Nilitaka kusema ni karafuu. Neno moja tu, halikutoka. Mama akajishughulisha na vikombe.

Bibi hakuishia hapo. Alimwita Da Mwajuma, msaidizi wetu wa nyumbani, mtu wa Tanga, aliyekuwa akipitisha kahawa. Akamvalisha kidani shingoni mbele ya wote. "Haya, nawe upate cha kuvaa. Fedha wanavaa mabedui, sie tulishaacha." Wageni wakamsifu kwa kutoa. Umra imemzidishia kheri, walisema.

Nilimfuata Da Mwajuma jikoni. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la mchele, anajipiga picha, kidevu juu, ampelekee binti yake. Binti yake ni rika langu. Aliponiona akatabasamu, akaniambia kuwa nina mikono mizuri, na kwamba hajawahi kupewa kitu kilichotengenezwa na mtu anayemjua.

Nikamwambia, "Nipe."

Hakuelewa.

"Kivue. Si chako, na wala hakikufai."

Sauti haikunitetemeka. Mbele ya wale kina mama nilikosa hata neno moja, lakini kwa Da Mwajuma maneno yalitoka yamenyooka, tena kwa lafudhi ya Bibi khasa. Na nitasema ukweli: nilisikia raha. Ile ya kukuna upele.

Alikivua, akakifuta kwa pindo la kanga, akanipa kwa mikono miwili. "Sawa, Zuwena." Picha nayo akaifuta mbele yangu. Sikuwa nimemwambia aifute.

Akarudi sebuleni na birika, nami nikarudi kusimama mlangoni. Jicho la Bibi halikosi kitu. Akamuuliza kidani kiko wapi. Da Mwajuma akasema amekiweka.

"Umekiweka, au ushakitafutia mnunuzi? Kakilete."

Hakwenda. Alinitazama mara moja, si kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kidani kilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya ngumi.

Nikatazama zulia.

"Mnaona?" Bibi akawaambia wageni. "Unampa mtu kwa moyo safi."

Sasa wageni wameondoka. Bibi amemwambia Baba kuwa halali nyumba moja na mwizi, Jumapili, kazi zikifunguliwa, arudishwe kwenye ofisi ya wakala iliyomleta kutoka kwao. Ofisi ikishaambiwa ameiba, hapati nyumba nyingine, atapandishwa ndege arudi Tanga. Baba amesema lazima amsikilize kwanza. Amemwita, wako hapo chini, na nasikia anavyomuuliza kwa upole. Da Mwajuma hajibu.

Nimeelewa kwa nini. Akinitaja nami nikakana, atakuwa mwizi na mwongo. Ameishi nasi tangu nasoma darasa la kwanza, amenisuka nywele, amenikalisha magotini nikiwa na homa, na anaamini kwamba nitakana.

Sina la kumlaumu.

Kidani kiko hapa karibu na kompyuta. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, ngazi ni hizo hapo. Kusema "ninacho mimi" hakuhitaji ushujaa, hata mtoto mdogo anaweza.

Nikimaliza sentensi hii nashuka.

Baba ameuliza tena.

Nikimaliza hii.